Kuku wa Fridah

Levi, uko? Nimechinja kuku wa utafiti!

Binti yangu Fridah alipitia hapa Kabuchai akimpeleka kuku kwa maabara yao Kitale. Si msichana akija nyumbani humletea baba kuku? Alipoenda kumsalimu shangazi yake, nikachinja, tukapika.

Karudi. Ati, "Baba, kuku yuko wapi?" Firigisi ilikuwa mdomoni, Levi. Mdomoni!

Kumbe kuku huyo aliwekewa jeni ya binadamu, ili mayai yake yatoe dawa. Kazi ya miaka minne. Na mimi niliyesomea jeni kwa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, sikuuliza!

Analia. "Baba, nitawaambia kazini kuku aliibwa."

Afutwe kazi akinificha mimi? Nimempigia mkubwa wake, nikasema mchinjaji ni mimi. Akauliza, "Mzee, ulimeza?"