Kiapo Mbele ya Kobe

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima, na kwamba mkono umepunguza kuuma. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi napandwa na hasira kila nikimkumbuka jaji wa kesi yako.

Kesi imetupwa. Jaji hakuuliza neno lolote kuhusu mashine iliyokusaga vidole. Wakili wa kiwanda cha mikate, kijana anayenukia kuliko duka la manukato, alisema sheria inatoa miaka mitatu tangu siku ya kuumia, nasi tumefungua kesi siku tano baadaye. Akaomba shauri limalizwe kwa karatasi tu, pasipo kuita shahidi. Jaji akakubali hata sijakaa vizuri kwenye benchi. Dakika kumi! Chai yenyewe haichemki kwa muda huo.

Wakili wetu naye, bure kabisa. Alisimama kakodoa macho kama aliyepotea sokoni. Tulipotoka akaniuliza kama nimekwisha kukuambia ukweli. Nikamwambia achunge mdomo wake.

Sasa shemeji ameniandikia kwamba kila asubuhi unajizoeza mbele ya kioo kuvua glavu, ili jaji auone mkono bila wewe kulia. Nimeisoma barua hiyo mara nne.

Nilipokuambia kwenye simu kwamba wakili alizembea tukachelewa kufungua kesi, nilikudanganya. Karatasi alizimaliza mapema, akanionya kuwa Ijumaa ndiyo mwisho. Nikamwona mwoga tu. Kilichobaki ni mimi, uliyeniachia usimamizi kwa maandishi, kwenda kuapa kwa kamishna wa viapo kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Ijumaa hiyo nikapanda ngazi hadi ofisi yake juu ya duka la viatu, namkuta nani? Kobe! Yule niliyemfundisha hesabu miaka miwili darasa lile lile, niliyekuwa nikimsimamisha kwenye kona mpaka kengele ilie. Leo kavaa tai! Akaniamkia shikamoo mwalimu, akanivutia kiti, kisha akaniomba kwa adabu niinue mkono wa kulia nifuatishe maneno yake. Mimi, niapishwe na Kobe? Nikamwambia siapishwi na mbumbumbu, nikakusanya karatasi nikaondoka. Hadi nampata kamishna mwingine mji wa pili, ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Nilijua muda umekwisha, nikaapa hivyo hivyo.

Wakili anasema tungeweza kuomba kuongezewa muda kama ningeapa kwamba niliugua. Nimekataa, maana nilikuwa mzima kama chuma. Nikieleza sababu yenyewe, anasema, hakuna jaji atakayetusikiliza. Basi usijizoeze tena mbele ya kioo, mdogo wangu. Hakuna jaji atakayeuona mkono wako, na aliyezuia ni mimi.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Ukitaka kunitukana, piga simu, nitapokea na nitanyamaza mpaka umalize.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu