Mgomba wa Bi Zena

Mpendwa Mama,

Tangu tukuzike kibanjani Kishanda, kando ya baba yetu, Tata, nami nikarudi hapa mjini Bilele, chumba changu kimekuwa kikubwa ghafla. Napika peke yangu, nakula peke yangu, naosha sahani moja.

Unakumbuka ulipokuja kukaa nami, Tata alipofariki? Mimi karani mpya wa ofisi ya kahawa, najivuna kwamba nami nina mama mjini. Siku ya kwanza tu ukamenya ndizi, ukasimama mlangoni na kikapu cha maganda: "Mwana wange, migomba yenu iko wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu Kishanda hatukuwa na takataka. Maganda, majivu, nyasi, vyote vilikuwa chakula cha mgomba. Hapa Bilele vyumba viliota kila wiki, watu wakimiminika kutafuta kazi zilizokuja na Uhuru, na hakuna aliyejiuliza maganda yao yataenda wapi.

Wewe ulijiuliza. Ulizunguka na kikapu mpaka ukauona mgomba mmoja, nyuma ya bafu la jirani yetu, Bi Zena. Ukaulisha maganda siku tatu, kimyakimya. Siku ya nne Bi Zena akaja na balozi wa nyumba kumi. "Mama huyu kageuza uwani kwangu jalala!"

"Nilikuwa naulisha mgomba wako, waitu," ulimjibu kwa heshima ya kwetu. "Mgomba huu una njaa."

Majirani wakaangua kicheko. Nami, badala ya kusimama upande wako, nikakufokea mbele yao: "Mama, hapa si kijijini!" Uliinamisha kichwa. Kesho yake ukapanda basi la Muleba, ukarudi kijijini. Nilijiambia nitakuja Krismasi kukuomba radhi. Krismasi ikapita, na nyingine, mpaka ikaja habari ya msiba.

Sasa mgomba ule umekatwa, pamejengwa chumba kingine. Mfereji umejaa taka. Mvua ikinyesha, maji yanaingia hadi chini ya vitanda. Balozi akituita tukauzibue kwa kujitolea, tunafika watu watano. Wapangaji wanahama kabla sijajua majina yao. Nina upweke, Mama, tena mkubwa.

Siku ya mazishi, kaka aliniambia kwamba kila aliyeuliza mbona siji, ulimjibu mwanao ana kazi nyingi za serikali. Ulinitetea miaka yote hiyo. Mimi, siku ile uwani, nilikuonea haya.

Nisamehe, Mama. Lala salama.

Mwanao wa mjini