Nimenyimwa Jua la Uani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mkojo unaunguza tena. Tena! Tangu nikae eda ya mume wangu, marehemu Swalihu, ndio mchezo huu: namaliza dawa, napumua kidogo, moto uleule. Leo nimemnong'oneza wifi Batuli, dada wa marehemu, anayenisimamia eda. Kanitazama juu mpaka chini. Eti ugonjwa huo mjane kaupatia wapi? Mimi! Ndani ya chumba hiki cha Majengo, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa! Nashangaa sikumrushia kikombe.

Jumatano, 6 Agosti

Binti yangu Zuleha kanipeleka hospitali kwa nguvu. Batuli kasema mwenye eda hatoki. Zuleha kamjibu: matibabu ruhusa, shangazi, muulize shehe yeyote.

Daktari ni mwanamke, anaitwa Hilda, mpole. Kaniuliza nakunywa maji? Kidogo. Kwa nini? Basi nikamwaga yote. Choo kiko uani, uani kuna wapangaji wanaume, na Batuli kanikataza kutoka wakiwepo. Kwa hiyo nabana mpaka waende kazini. Maji nayo nimeacha kunywa, nisije nikaumbuka. Daktari kaweka kalamu chini.

— Mama, mkojo ukikaa, wadudu wanazaliana humohumo!

Kachukua mkojo na damu akapime.

Ijumaa, 8 Agosti

Majibu: UTI ipo, na vitamini D imeshuka vibaya. Nimecheka kwa hasira. Dodoma hii! Jua linapasua midomo, halafu mimi nimepungukiwa jua! Daktari anasema ngozi ndiyo inayoitengeneza ikipigwa na jua, nami nimejifungia. Ikipungua, kinga ya kibofu inaweza kulegea, hasa kwa sisi tuliokoma hedhi. Haiponyi UTI peke yake, kasema wazi. Dawa nimalize, maji ninywe, mkojo nisibane. Vidonge vya vitamini nisizidishe, vikizidi vinaweza kuleta mawe kwenye figo. Na nikae juani kidogo kila siku.

Zuleha kamweleza Batuli yote. Jibu lake? Daktari mwenyewe Mkristo, atajua nini habari za eda! Kha! Kwani kibofu kina dini?

Jumapili, 10 Agosti

Nimekaa uani! Nilidhani wanaume wote wametoka. Mkeka, mgongo ukutani, mikono wazi hadi viwiko. Upepo na vumbi lake, jua tamu. Nimemkumbuka mume wangu kuliko siku zote nilizokaa gizani. Nimelia vizuri.

Mara katokea mpangaji wetu Abeli, kijana wa Bahi anayeuza mchele sokoni. Kainamisha macho palepale. Shikamoo mama, pole na msiba. Marahaba, mwanangu. Basi! Batuli kapiga yowe mpaka majirani wakachungulia. Mjane anaongea na wanaume! Anamvunjia kaka yangu heshima! Abeli huyo ni rika la Zuleha. Nimekunja mkeka, nimerudi ndani.

Jumanne, 12 Agosti

Batuli katia kofuli mlango wa uani, kwa nje, kisha kazungukia mlango wa mbele, kaingia na kuufunga kwa ufunguo wake. Kaniletea ndoo. Ndoo! Katika nyumba niliyozalia, niliyomuuguzia kaka yake mpaka pumzi ya mwisho! Nimeitupa dirishani.

Zuleha yuko kazini Miyuji, simu haipatikani. Maji nimekunywa kama nilivyoagizwa, sasa tumbo limejaa, naumwa. Sebuleni Batuli ana wageni. Nawasikia wanamsifu jinsi anavyomtunza mjane wa kaka yake. Anamtunza!

Sibani tena. Haki ya Mungu, sibani!

Abeli alikuwa anafua uani. Nimemwita dirishani, kwa jina lake, kwa sauti. Kaogopa, maskini. Mama, bibi Batuli atanifukuza. Nimemwambia hafukuzi mtu kwangu, lete nyundo.

Anagonga. Naandika ili nisikiwaze kibofu. Kofuli gumu. Sebuleni kiti kimesogezwa. Sasa Batuli anauliza ni nini hicho, anakuja, kandambili zinaburuza ukumbini, na yule kijana kasikia, kasimamisha mkono.

— Gonga, mwanangu! Nani kakwambia uache?