Mashimo Niliyoyaacha Makavu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana narudisha sahani ikiwa imejaa na mama anadhani ni homa.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Baba anajenga nyumba kwenye kiwanja chetu nje ya mji, ambako hakuna mabomba ya maji taka, kwa hiyo kila mtu huchimba shimo lake, na kabla ya kuchimba udongo hupimwa ili ijulikane kama utayanyonya maji ya chooni au utayarudisha juu. Alikuja mpima udongo, mama mmoja mwenye buti za mpira, na Shangazi, sijawahi kuona mtu anayeijua kazi yake namna ile. Aliulowesha udongo kiganjani, akauviringisha kama kamba, akasema una mfinyanzi mwingi kuliko unavyoonekana, yaani hunyonya maji polepole. Aliuliza kisima cha bibi yangu, anayeishi chini ya kiwanja chetu, kiko wapi, akateremka akihesabu hatua mwenyewe. Fundi wa baba alimtania kwamba ardhi ni ardhi tu, inakunywa chochote. Akajibu bila kuinua kichwa, "Ikilewa, fundi, utakuja kuipepea wewe?" Hata baba alicheka.

Akachimba vishimo vitatu, akaniagiza kwamba kesho yake, siku moja kabla ya kipimo, nivijaze maji na kuyaongeza kila yanapopungua mpaka jioni, kwa sababu udongo mkavu una kiu na kiu yake hudanganya. Nilijaza mara moja tu. Kutoka kisimani ni mlima, ndoo ni nzito, nikakaa kivulini nikisoma. Aliporudi akaniuliza, "Mashimo yalishinda na maji, mwenzangu?" na kwa sababu aliniita mwenzangu, nikasema ndiyo. Alipima kwa saa na rula, maji yakashuka upesi, akashangaa kidogo, kisha akaandika kwamba kiwanja kinafaa. Jumamosi fundi anaanza kuchimba. Nataka kuwa mpima kama yeye, Shangazi. Nikisema, atanionaje? Nisiposema, bibi anakunywa maji ya kisima kile.

Mwanafunzi mwenye hofu

Marahaba, binti yangu. Sentensi yako ya mwisho imeshakujibu, nawe unajua.

Nikugombeze kwanza. Uliaminiwa kazi ukaifanya robo, kisha ukamwacha mwenzio atie sahihi juu ya uongo wako. Kiganja chake kilimwambia mfinyanzi, saa ikamwambia jingine, naye akachagua kukuamini wewe. Hilo ni zito. Lakini umeandika kabla sululu haijagusa ardhi, na umeeleza kipimo vizuri kuliko watu wazima wengi wenye viwanja. Kichwa chako kinafaa kazi hiyo. Sasa na mdomo ufae.

Leo mwambie baba: "Mashimo hayakushinda na maji, kosa ni langu." Atapandisha sauti, mwache amalize. Kisha omba simu umpigie mpima wewe mwenyewe, si baba. Usianze na machozi. Anza na ulichofanya: ulijaza mara ngapi, saa ngapi, maji yalikauka lini. Fundi asichimbe mpaka mpima aseme. Kipimo kikirudiwa, huenda shimo likahamishwa mbali na kisima, au kiwanja kikahitaji mpango mwingine kabisa. Baba atanuna. Bibi atakuwa salama.

Atakuonaje, siwezi kukuahidi. Anaweza kukukaripia, anaweza kuacha kukuita mwenzake, na hilo ni baya zaidi. Lipokee, kisha muulize anakuja siku gani, ili akukute umeshajaza mashimo tangu jana yake.