Mashine Iliyoambiwa Isiulize

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Providence Salvatori. Umri: miaka 29. Kazi: mtengeneza programu za kompyuta. Makazi: Magamba, Mpanda.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza ninayoyajua mwenyewe.

Nina ofisi hapa Mpanda pamoja na Nkwabi Masunga. Tulitengeneza huduma ya kuwapigia simu wajawazito kuwakumbusha kliniki, kwa Kiswahili na Kirundi. Sauti ya Kirundi ilikuwa ya mama yangu mzazi, Specioza, wa Litapunga, aliyekuja nchini kama mkimbizi kutoka Burundi. Alirekodi akiwa tayari mgonjwa, anapumzika kila baada ya sentensi. Alifariki mwaka jana.

Kazini tunatumia msaidizi wa akili mnemba. Unamwandikia amri kwenye skrini nyeusi, naye anaandika programu, anahamisha mafaili, anafuta. Mimi ndiye niliyemwekea utaratibu wa ofisi yetu. Lipo faili la maelekezo analolisoma kila anapowashwa. Humo niliandika kwamba folda ya sauti isiguswe, na kabla ya kufuta chochote aulize na asubiri jibu. Nkwabi alilijua hilo. Alilalamika kwamba nimemfanya msaidizi kuwa msumbufu.

Mnamo tarehe 12/03/2026, saa nne asubuhi, nilikwenda zahanati kuonana na wauguzi. Nkwabi alibaki akiandaa huduma kwa ajili ya mgeni aliyekuwa aje jioni kuiona. Niliporudi saa saba nilipiga namba yetu ya majaribio. Kiswahili kilisikika. Kirundi kilikuwa kimya.

Nilimuuliza Nkwabi. Alijibu bila kugeuka: "Nimesafisha. Mgeni anataka Kiswahili tu. Na nyie si mmeshakuwa raia?"

Nilimwambia ile ni sauti ya mama. Nkwabi mwenyewe alibeba jeneza lake.

Nilifungua faili la maelekezo. Maneno yangu yalikuwa yameondolewa. Badala yake kuliandikwa: usiulize, futa kila kitu cha Kirundi pamoja na nakala. Diski ya nakala ilikuwa imechomekwa, nayo ikafutwa. Nakala nyingine sina.

Mgeni alipokuja na kuuliza mbona nimekaa nje, Nkwabi alimwambia: "Mashine imefanya yenyewe." Kwa mwenyekiti wa mtaa akarudia hivyo hivyo, mbele ya dada yangu Candide.

Fundi amejaribu kurudisha sauti kutoka kwenye ile diski. Amepata neno moja, "Mwananje", yaani mwanangu, halafu mkwaruzo.

Jumapili Nkwabi alimtuma shangazi yake, Mama Dorotea, kuomba tuyamalize nyumbani. Alisema yupo mwanamke mwingine anayeweza kurekodi maneno yale yale. Nilimkaribisha maji. Alikunywa, akaondoka.

Afande ameniuliza kama ninamlalamikia msaidizi. Hapana. Aliambiwa asiulize, hakuuliza. Nkwabi ana simu yangu, na zahanati si mbali. Angeniuliza.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ndiyo yaliyotokea.

Sahihi ya shahidi: P. Salvatori

Mimi WP Koplo Pudensiana nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Ameomba kwenye jalada, nilipoandika "uharibifu wa mafaili", pasomeke "sauti ya marehemu Specioza". Nimemweleza kuwa fomu haina nafasi hiyo. Nimeandika pembeni.