Emamba Si Mamba

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi kama kawaida. Kocha Novatus kanipanga tena golikipa wa pili. Wa kwanza ni Jasson, ana mikono laini kama ya kupokelea komunyo. Kocha ni mtu mzuri ila macho hana.

Jioni kijiweni nimewapa vijana historia ya timu ya Kijapani ambayo jezi zake tunavaa. Hii niiandike vizuri, maana siku nikiwa maarufu watu watauliza. Jezi zetu zilitoka kwenye robota la mtumba Bukoba mjini, robota zima Kijapani. Kifuani kuna samaki mrefu kama nyoka. Wote walisema ni nyoka, wakakataa kuzivaa. Mimi ndiye niliyesema hapana, hiyo ni emamba. Kwa Kiswahili cha darasani, kamongo. Emamba ni muziro wetu, ukoo wetu hauili, na nusu ya timu ni ukoo wetu. Jina likapatikana palepale. Emamba ya Nshamba. Aliyelitoa ni mimi, Fidelis. Hata tukichukua kombe la Afrika, ni mimi.

Simu ya kaka Ponsi ukiielekezea maandishi ya Kijapani inayageuza Kiswahili. Kiswahili chake kibovu hata kwangu mimi ambaye shule iliniacha Kidato cha Pili. Inasema "kiwanda cha nyuzi kilizaa mpira". Maana yake timu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda, wanacheza wakitoka zamu. Ligi ya kulipwa ilipoanza, jina la kiwanda likatolewa, likawekwa jina la mji na samaki wa mto wao. Nimesoma mpaka hapo. Makombe nimeyaongeza mwenyewe. Walikaa kimya wananisikiliza. Nina kipaji, sijui nifiche wapi.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa limekuja na gari jeupe.

Bosi Kamugisha, mnunuzi wa kahawa. Mtu wa huku huku Muleba ila siku hizi anakaa mjini, ana timu yake kulekule mjini, Nyanga. Anataka kuunganisha timu yake na yetu. Kambi Bukoba, uwanja wa mjini, ligi ya mkoa, viatu vipya ambavyo tayari kaja navyo garini. Akasema, "Vijana, ndizi peke yake inakaba. Maharage peke yake yanajaza upepo. Tupike pamoja." Watu wamecheka. Na mimi nimecheka. Najuta.

Ameahidi jina la Emamba litabaki na samaki wetu atabaki kwenye jezi. Tupige kura Jumapili ya tarehe 22 baada ya misa, wachezaji na mashabiki.

Wachezaji wanavitazama vile viatu kama mtoto anavyotazama nyama.

Ijumaa, 13 Juni

Bosi ametaja anaowataka. Wa kwanza Ponsi. Ponsi ni kaka yangu, nahodha, mfungaji, na sasa amevimba kichwa mpaka mlango wa jikoni haumtoshi. Wa pili Jasson. Akaendelea, akaendelea, akanyamaza.

Sikutajwa. Imeniuma. Nimewaambia watu haijaniuma.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimeaibika.

Kijiweni nilisimama nikasema Wajapani wasingekubali upuuzi huu. Timu yao ni timu ya mji wao, hawauzi samaki wao. Nilisema kwa sauti nzuri. Ponsi akatoa simu. "Fide, wewe uliishia juu. Soma hapa chini." Nikasoma kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu: "Klabu mbili za mji zikaungana, ikawa klabu kubwa."

Kicheko cha watu kimesikika mpaka kanisani. "Profesa wa Tokyo!" "Tupe kombe lingine, Profesa!" Sasa kila anayepita ananiita Profesa. Hata mtoto wa jirani, na meno hana.

Lakini niliona. Maandishi yalikuwa yanaendelea chini. Nilipotaka kuvuta, Ponsi akaitia simu mfukoni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwomba Ponsi simu. Amekataa. Nimemwomba tena kwa adabu, nikamwita hadi kaka. Amekataa. Sasa ameifunga kwa alama ya kidole.

Tumeanika kahawa siku nzima, yeye upande huu wa mkeka, mimi ule. Hatusemezani. Mama anauliza kuna nini, tunasema hakuna. Tata, baba yetu, yeye kasema neno moja tu, bila kuinua macho: "Kaka yako Mungu kampa miguu. Wewe kakupa mdomo. Sioni kwa nini mgombane." Halafu akaendelea kutafuna akamwani kake, kahawa yake ya kila siku.

Kwa hiyo Tata yuko upande gani? Usingizi hauji.

Jumatano, 18 Juni

Niko Kaagya. Nimejitolea kupeleka mkungu wa ndizi kwa shangazi. Mama kashangaa, maana sijawahi kujitolea kitu. Sikufuata shangazi. Nimefuata simu ya binti yake Koku, anayesoma chuo.

Tumesoma mpaka chini kabisa. Koku anasoma Kiingereza, ananigeuzia. Ni hivi. Walipoungana waliambiwa samaki wenu atabaki. Kweli akabaki: mdogo, kwenye kona ya nembo ya wale wengine. Baadaye akahamia mgongoni, chini ya kola. Baadaye hayupo. Hakuna aliyetangaza kwamba wamemtoa. Mashabiki waliingia uwanjani wakamtafuta wakamkosa. Wengine walilia, wazee wazima. Wakatoka pale, wakaanzisha timu upya, ligi ya chini kabisa, kwenye uwanja wa majani marefu, wachezaji wakitoka kazini. Wakapanda, wakashuka, wakapanda tena, mpaka wakarudi ligi ya kulipwa. Jezi tunazovaa ni zao. Za hao walioanza upya.

Nimesisimka mwili mzima. Nilitamani kurudi Nshamba usiku huohuo kwa miguu.

Halafu Koku akaharibu. "Kwanza huyu samaki si emamba," akasema. "Ni mkunga."

"Mkunga si ndiye anayezalisha?"

"Na samaki mrefu pia anaitwa mkunga. Wa kule Japani anakaa mitoni."

Timu ya Wakunga ya Nshamba. Nimemwambia akilitoa nje hilo mimi na yeye si ndugu tena. Amecheka mpaka shangazi akaja kuangalia.

Ijumaa, 20 Juni

Nimerudi. Bosi Kamugisha kanisimamisha barabarani, kateremsha kioo. Namna hii: "Wewe ndiye Profesa? Mdomo wako nimeusikia. Uwanja wetu wa mjini una spika kubwa, hauna mtangazaji. Njoo. Ila Jumapili pumzika kidogo kusema."

Mimi. Spika. Bukoba mjini. Nimeshajiona na kofia nyeusi na miwani.

Nilitaka kusema hapana.  Nimesema, "Asante, waitu," kwa heshima zote. Nikainama kidogo. Niliinama! Gari likaondoka, nikabaki na vumbi lake.

Sijamwambia mtu. 

Jumamosi, 21 Juni

Sijala. Mama kanishika paji la uso.

Nimeingia kibanjani katikati ya migomba nikafanya mazoezi ya kusema. Hotuba mbili. Ya kukubali ilikuwa tamu zaidi, ina spika ndani yake. Ya kukataa haikufika mwisho. Nikawa nairudia ile ya kukataa, nakosea palepale, penye samaki chini ya kola.

Ponsi kanikuta. Akasimama kwenye mgomba akanisikiliza, sijui kwa muda gani. "Fide," akasema, "ukiniharibia kesho sitakusamehe." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu.

Ni nafasi yake. Najua. Miguu ile haikuumbwa kuchezea uwanja wetu huu, uliobanwa kati ya kahawa na zahanati.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumapili, 22 Juni

 Niandike kwa mpangilio.

Misa imeisha, watu wote uwanjani, hadi Walutheri wamekuja. Kocha Novatus kaongoza. Bosi kaongea vizuri. Naapa, mpaka hapo tulikuwa tumekwisha, niliona mikono inawasha kunyooka. Mimi nimekaa nyuma, nimefunga mdomo kama nilivyoagizwa.

Halafu bosi kaagiza dereva alete mfuko. Jezi mpya! "Nilisema nembo yenu itabaki. Tazameni wenyewe." Dereva akakunjua moja, akaiinua juu.

Mamba. Mamba wa Kiswahili. Ana miguu minne, mkia, meno kama msumeno.

 Mama Stella, anayetuuzia chai mechi zote, akasogea mpaka karibu. "Huyu ni nani tena?"

"Mama, huyu si ndiye emamba wenu?" akajibu dereva. Siyo mtu wa huku.

"Emamba ana miguu tangu lini, mwanangu? Huyu amekuja kutula?"

Watu waliangua kicheko. Bosi hakucheka. Nilimwona akiitazama ile jezi, na nikajua: ndiyo kwanza anaiona. Aliagiza kwa simu, akasema emamba, fundi wa Dar akasikia mamba, akachora. Na yeye Mhaya kabisa, hakufungua hata mfuko kuangalia. Angefungua angejua palepale.

Akasema, "Kosa dogo hilo. Tutavaa hizi kwanza, tutarekebisha baadaye."

Hilo "kwanza". Hilo "baadaye". Nikajikuta nimesimama.

Sikutoa hotuba yoyote kati ya zile mbili. Nilisema tu kilichowapata Wajapani. Kwamba na wao waliambiwa samaki atabaki. Akawa mdogo, akaenda kona, akaenda chini ya kola, akapotea. Kwamba wenzetu angalau miaka ya mwanzo walikuwa na samaki wao. Sisi siku ya kwanza tu, kabla hata ya kura, tumeshaletewa mnyama wa watu.

Hakuna aliyeniita Profesa.

Ponsi akasimama. Uso wake siusahau. "Waambie na kweli. Unapinga kwa sababu hukutajwa."

Nikasema ndiyo. Sikutajwa na imeniuma sana. Na juzi bosi kanipa spika ya mjini ninyamaze, nikasema asante na kuinama nikainama. Nikamgeukia bosi, nikasema, "Samahani, waitu, tafuta mdomo mwingine."

Kura zilipigwa kwa mikono. Haikuhitaji kuhesabu. Emamba inabaki Nshamba.

Nilidhani nitaruka. Sikuruka. Bosi alikunja jezi zake taratibu, akasema hana kinyongo, ila wale aliowataja mlango uko wazi, mmoja mmoja. Ponsi akavua kitambaa cha unahodha, akakiweka mezani kwa Kocha, akaenda kusimama kando ya gari. Jasson akamfuata. Na wengine, wale wazuri wote.

Tumeshinda. Timu hatuna.

Jumanne, 24 Juni

Ponsi ameondoka asubuhi. Mama kampigia pasi mashati yote, hata yaliyochanika. Alimpa Tata mkono, akampa Mama mkono. Mimi nilikuwa nimeshika begi lake. Akalichukua.

Kitanda kimekuwa kipana. Sikipendi.

Jumamosi, 28 Juni

Mazoezi. Tumekuja wachache, tukacheza nusu uwanja. Kocha kawaita watoto wa sekondari na fundi baiskeli mmoja mwenye kitambi. Fundi anakimbia mara moja, anapumzika dakika kumi. Lakini kaja, na viatu kaazima.

Mimi sasa golikipa wa kwanza. Nimelitamani hilo tangu nizaliwe. Sikudhani litakuja hivi.

Jumamosi, 5 Julai

Mechi ya kwanza. Tumefungwa. Sisemi ngapi. Nilikuwa nachota mipira wavuni kama mtu anayevuna viazi.

Mashabiki hawakuzomea. Nilisubiri wazomee, nina majibu mengi. Mama Stella aliimba mpaka mwisho, wimbo wa kanisani ameutia emamba ndani. Mtoto mmoja wa sekondari alilia, nikamwambia akilia hivyo kwenye bao la nane atafanyaje kwenye la tisa. Akacheka. Sasa nimetaja ngapi. Basi.

Jumapili, 6 Julai

Ponsi kaja nyumbani. Hatukumtarajia. Kaingia mchana, Mama akaacha sufuria motoni akaenda kumkumbatia.

Tumekula wote. Tata aliuliza habari za mjini, akajibiwa nzuri.  Ponsi akaniuliza tulifungwa mangapi. Nikasema kweli. Hakucheka. Akasema ndiyo mwanzo.

Nikamuuliza na yeye kafunga mangapi.

Akala kidogo, akatazama sahani. Hajacheza. Mechi zote kakaa benchi. Wale wa Nyanga wana mfungaji wao, na Jasson hata kwenye gari la timu hapandishwi. "Benchi lenyewe zuri," akasema. "Lina paa."

Nilikuwa na utani hapo. Mzuri sana, bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Ulinijia mzima mzima mpaka kwenye meno. Nikaumeza.

Nikamwambia Jumamosi tuna mechi hapa nyumbani, saa kumi, aje. Akasema ataangalia kama ataruhusiwa.

Mama kamfungia ndizi. Nilizibeba mimi mpaka barabarani, safari hii hakuninyang'anya. Tulisimama kusubiri gari. Mvua ndogo ikaanza, hatukuikimbia. Gari lilipokuja alipanda, akakaa dirishani, akanipungia kidogo tu, kwa vidole.