Goli Baada ya Magharibi

Jumatatu, 5 Julai 1954

Leo Mugreki, Bwana Nikola, ametundika ubao mweusi kwenye baraza la duka lake, juu kabisa ya cherehani yangu. Watu wamejaa kuutazama, na hata mumoja hakuelewa. Mimi nilielewa! Mimi Musafiri, fundi wa nguo, ambaye watu wa misioni wanasema sikusoma kitu isipokuwa juzuu. Miaka kumi na moja nakaa barazani hapa namusikia Bwana Nikola akibishana Kifaransa na wageni wake juu ya mbio za farasi za Ulaya. Mikono ilikuwa inashona. Masikio hayakuwa yakishona.

Ubao unasema hivi. Siku ya sikukuu ya Wabelgiji, tarehe 21, timu yetu ya Kasongo itacheza mupira na Kabambare. Mutu anaweka mise, njo kile kitu anachokubali kupoteza. Kando ya kila timu iko namba, jina lake cote. Kasongo: moja na nusu. Nul, maana yake hakuna mushindi: tatu. Kabambare: nne. Ukiweka franka kumi kwa Kabambare na wakashinda, unapewa arobaini. Wasiposhinda, kwaheri franka zako. Basi!

Ismaël, kapita anayesimamia duka, alikuwa anawaambia watu kwamba nne ni hesabu ya magoli. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole.

Jumanne, 6 Julai 1954

Sijashona hata kola moja. Watu, watu, watu! Nimeeleza cote mara ishirini. Muzee mumoja ameshikilia: kama Kabambare wako na nne na sisi moja na nusu, basi wao ni hodari kutupita. Hapana, muzee wangu. Namba ndogo ni ya yule anayetegemewa, wanamuita favori. Namba kubwa ni ya yule anayedharauliwa. Ameshika kichwa. Kisha akacheka, akanipa mukono kwa mikono miwili. Muzee mwenye mvi akimushukuru fundi!

Mwalimu wa musikiti amepita, ameuliza kama sasa nimekuwa mutu wa kamari. Nimemujibu: mwalimu, mimi siweki hata senti. Jina la nguruwe ninalijua pia, na sijamula. Ameondoka akificha meno.

Nimewasomea hata ule mustari mudogo wa chini: mechi ikisimama na isianze tena siku ile ile, kila mutu anarudishiwa mise yake. Huo hakuna aliyeusikiliza.

Jumamosi, 10 Julai 1954

Assumani amefika kutoka Kabambare. Siku mbili juu ya baiskeli, amelala njiani Lusangi, vumbi mpaka kwenye kope. Huyu njo atamuoa Binti wangu, Jumapili tarehe mosi Agosti. Kijana wa adabu, Mubangubangu, anauza chumvi na vitambaa vijijini. Mbuzi wote sita wa mahari wameshafika. Imebaki baiskeli yenyewe, ambayo ataikabidhi siku ya arusi, na juu yake Binti atatoka katika ua wangu mbele ya Wangwana wote, Waislamu wenzetu wa Kasongo. Muke wangu Faida ameshawatangazia ndugu zake wote. Kwake hakuna baiskeli, hakuna arusi. Ameisema hivyo, na Faida hasemi mara mbili.

Assumani ameniuliza juu ya ubao. Nilimueleza kutoka saa nane mpaka alasiri! Mise, cote, favori, nul. Kijana anashika upesi. Nilimuuliza: ukiweka kitu cha franka elfu moja kwa nne? Kabla sijafunga kinywa akajibu: elfu nne, baba. Nilijisikia kama mwalimu wa sekondari.

Jumatatu, 19 Julai 1954

Ee Mungu.

Leo nimeingia dukani kununua uzi. Nyuma ya Ismaël, kwenye musumari, nimeona plaque ya taksi, kile kibati cha kodi ya baiskeli. Namba 318. Namba hiyo naijua, niliisoma siku ile nilipokuwa naifuta vumbi baiskeli ya Assumani mwenyewe. Nimemuuliza Ismaël. Ametabasamu: mukwe wako, fundi, ameweka baiskeli yake kwa Kabambare. Kabambare wasiposhinda, ataileta hapa na gurudumu zote mbili.

Nimemuita Assumani. Amekaa chini, hakukana. Anasema cote ya nne ingemupa duka dogo, Binti asikae muke wa mutu wa kutembeza chumvi. Anasema: baba, ni wewe ulinieleza vizuri sana.

Nilitaka kumupiga. Na haya naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: katikati ya hasira nilisikia raha kidogo. Hesabu yake ilikuwa sawasawa!

Faida amesema tu: maneno yale aliyapata kwako. Hajanipa chai.

Jumatano, 21 Julai 1954

Nimerudi kutoka kiwanjani, sauti imekauka.

Wazungu walisema hotuba mpaka jua likachoka. Mechi ilianza saa kumi na nusu badala ya saa tisa. Mimi sikujua nimuombee nani. Kasongo ni damu yangu, na kwenye miguu ya Kabambare iko arusi ya mutoto wangu. Kabambare walifunga kwanza. Assumani aliruka juu kama mutoto. Kisha sisi tukafunga. Ikawa goli moja kwa moja.

Zilikuwa zimebaki dakika nane, adhana ya magharibi ikalia. Hapa kwetu mambo hayo yanajulikana: wachezaji Waislamu wakatoka, wakatawadha kwa ndoo, wakasali kando ya mustari. Wa misioni wakakaa kwenye majani kutafuna miwa, na wa Kabambare vilevile, wako waliosali, wako waliotafuna. Frère wa misioni, mwenye kuhukumu mechi, hakupiga filimbi ya mwisho. Alishika saa yake, akaisimamisha kwa kidole. Niliona kwa macho yangu.

Walipomaliza, filimbi! Wakarudi. Giza lilikuwa linaingia, mupira ulionekana kwa shida. Na Zuberi wetu akautoa mbali, kule kona ya mabomba ya maji, akaupiga. Goli! Nililia, nilikumbatia watu nisiowajua. Kasongo mbili, Kabambare moja!

Ndipo nikamuona Assumani. Alikuwa amesimama peke yake, anaangalia viatu vyake.

Alhamisi, 22 Julai 1954

Asubuhi baraza lilijaa watu wa kuchukua faida yao, maana karibu mji wote uliweka kwa Kasongo na duka lilipaswa kulipa. Ismaël alitoka na kiti, akasimama juu yake. Sikutegemea akili ile kwake. Alisema: ninyi Wangwana, nani hapa hajui kwamba siku inaisha magharibi? Mutoto akizaliwa Jumatano baada ya magharibi, mutoto yule ni wa Alhamisi. Basi goli la Zuberi ni la Alhamisi. Mechi ilisimama na haikuanza tena siku ile ile. Mustari wa chini unasema kila mutu arudishiwe mise yake. Chukueni vyenu muende.

Na ni kweli! Hata Binti wangu alizaliwa hivyo, Jumatano taa zikiwa zimewashwa, na miaka kumi na nane sasa nasema ni mutoto wa Alhamisi.

Halafu makelele. Wale wa Kabambare wanapiga makofi, wale wa kwetu wanataka kuvunja ubao. Bwana Nikola akatoka, akanyoosha kidole kwangu. Anasema Musafiri njo aliyewafundisha, basi Musafiri asome na kukata neno. Kesho saa tatu. Atakalosema, atalifuata, mbele ya watu wote.

Mimi! Watu wote wakageuka. Niseme kweli, kifua kilijaa. Mwenye duka, muzungu, anangojea neno la fundi wa nguo.

Kisha Ismaël akainama kwenye cherehani yangu, akasema pole pole: fundi, ikiwa Alhamisi, ile plaque nitakupa wewe mwenyewe mukononi. Ndipo nikaelewa sababu ya kunichagua. Na nyuma yangu mutu akasema, hakujificha hata: mwenye mukwe ndani, atasema nini tena? Neno lile limeniingia kuliko sindano.

Saa kumi Assumani amekuja. Macho mekundu. Baba, useme tu ni Alhamisi. Si uongo.

Si uongo! Hapo njo ubaya wake. Ingekuwa uongo ningejua la kufanya. Kwa kusali, kwa kufunga, kwa kuhesabu watoto, siku yetu inaisha magharibi, na mutu asinicheke kwa hilo. Lakini nani aliweka mise kwa hesabu ya musikiti? Musikiti wenyewe hautaki kamari! Mise iliwekwa kwa mechi, na mechi ni saa ya Frère. Aliisimamisha, akaiendesha tena. Dakika tisini ni zile zile. Neno la ubao ni kwa mechi iliyokufa, siyo kwa mechi iliyopumua.

Nimefungua daftari hili nione nilivyoandika goli lile. Jumatano, 21 Julai. Mukono wangu mwenyewe, taa ikiwaka.

Nimemueleza Faida. Ameendelea kuchambua muchele. Binti alikuwa mulangoni, amesikia yote. Nilimuambia Binti: mama, nikisoma vile ninavyojua, unapoteza baiskeli, na labda arusi. Aliniangalia moja kwa moja, yeye ambaye siku zote anaangalia chini. Amesema: baba, mimi sitaki kutoka katika ua huu juu ya baiskeli ya maneno. Kila siku watu watanihesabia: ni ya Jumatano au ya Alhamisi?

Nimetoka nje nikae peke yangu. Nimefundisha mji mzima cote na favori, nikajiona mukubwa. Na ndani ya nyumba yangu alikuwa amekaa mutu mwenye akili hii, nami namutuma maji tu.

Ijumaa, 23 Julai 1954

Naandika hapa hapa kwenye cherehani, daftari juu ya magoti. Watu wanafikiri natayarisha hotuba. Waache wafikiri.

Nimevaa kanzu nyeupe. Nimelala vizuri, jambo la ajabu. Bwana Nikola bado iko ndani na kahawa yake. Ismaël amenisalimia mara tatu, ametundika plaque 318 nje kabisa, karibu na uso wangu, niione vizuri. Naiona. Imeshika kutu kidogo pembeni.

Watu wamejaa mpaka kwenye njia ya soko. Mwalimu wa musikiti pia amekuja, anasema anapita tu, na amepita sasa nusu saa. Wa Kabambare wamesimama upande mumoja, wananichekea kama mukwe wao. Wa kwetu wamefunga mikono. Yule aliyesema neno lile jana simutazami. Atanisikia.

Lakini sasa iko kitu. Watu wa nyuma wanajisogeza, wanatoa njia. Ni Assumani. Anasukuma baiskeli, ameiosha, sipoki zinang'aa. Analeta yeye mwenyewe, na mimi sijasema hata neno moja! Na upande wa pili, mukono juu ya guidon, ule usukani, ni Binti wangu, mchana kweupe, mbele ya Kasongo yote na Kabambare yote. Ismaël ameacha kutabasamu.

Na nyuma yao Faida. Amejifunga kitambaa chake cha sikukuu, anatembea taratibu, amebeba pampu ya baiskeli, yeye aliyesema hakuna baiskeli, hakuna arusi.

Bwana Nikola ametoka. Ananiita kwa jina. Nasimama.